Konveta ya dizeli baada ya ovahoo ya giaboksi: namna ya kuisoma kabla ya kushusha mzigo mara ya pili

Giaboksi ya otomatiki ikishafanyiwa ovahoo, yaani kufunguliwa yote na kufungwa upya mezani kwa fundi, na kurudi chini ya gari, lawama ya kwanza huiangukia konveta. Gari likichelewa kuondoka, konveta. Likitetemeka kwenye spidi 70, konveta. Likipandisha joto, konveta. Mara nyingine ni kweli. Lakini kabla ya kuamini hivyo, kuna oili iliyopungua lita moja, waya wa presha ulioachwa umelegea, swichi ya breki iliyoganda, au thermostati (valvu ya joto la maji ya injini) iliyong'olewa miaka mitatu iliyopita na hakuna aliyemwambia mwenye gari. Vitu hivi vinne vinakaguliwa ndani ya saa moja. Kushusha giaboksi ya 4x4 pamoja na transfa yake (kile kisanduku kinachogawa nguvu mbele na nyuma) ni siku nzima, na oili inamwagika upya.

Maelezo haya yamelenga Prado na Hilux Surf zenye injini ya 1KZ-TE, ile dizeli ya lita 3.0 yenye tabo, na giaboksi ya gia nne ya ukoo wa A340. Land Cruiser 80 yenye 1HD-T na giaboksi ya A442F ina tabia zilezile, ila namba zake ni nyingine. Prado mpya zaidi zenye giaboksi ya gia tano hazina kijiti cha kupimia oili, hivyo sehemu ya oili hapa chini haiwahusu.

Kilichomo ndani ya lile boga

Konveta ni lile boga la chuma linalokaa kati ya injini na giaboksi. Ganda lake limefungwa kwa bolti kwenye fleksipleti, lile bamba jembamba la chuma nyuma ya injini, kwa hiyo injini ikizunguka nalo linazunguka, pamoja na mapanga yaliyoshikizwa ndani yake, yaani impela. Impela inairusha oili kwenye mapanga ya upande wa pili, tabaini, ambayo ndiyo imeshika shafti inayoingia kwenye giaboksi. Katikati yao kuna stata, mapanga madogo yanayokaa juu ya klachi ya upande mmoja, yaani inayoruhusu kuzunguka upande mmoja tu. Oili inayotoka kwenye tabaini inarudi na mwelekeo wa kuipinga impela. Stata inaigeuza ili iisukume. Hapo ndipo nguvu ya kuondokea inapozidishwa, karibu mara mbili gari likiwa bado limesimama, kisha ziada hiyo inapungua kadiri tabaini inavyoikaribia kasi ya impela. Mwisho kuna klachi ya loki. Gari likishashika mwendo, klachi hii inaibana tabaini kwenye ganda, na mtelezo wote unakwisha.

Dizeli ina jambo lake. Nguvu yake iko chini kwenye mizunguko, na tabo halijaamka vizuri injini inapoanza kukanyagwa. Konveta ikiwa laini mno, injini inaresi na gari linafuata shingo upande. Ikiwa ngumu mno, injini inabanwa kabla tabo halijapuliza: gari linaondoka kizito na moshi mweusi unabaki nyuma. Shika maneno hayo mawili, laini na ngumu, maana karibu kila malalamiko ya kuondoka yanaangukia upande mmoja kati yake.

Hisia nyingi mbaya huzaliwa siku ya kufunga

Kama wewe ndiye fundi, au unasimama pembeni ya fundi, hapa ndipo pa kukaza macho.

Kabla ya konveta kuingia, mimina humo oili ileile ya giaboksi, takriban lita moja, na uipake kwenye shingo ya konveta pia. Konveta kavu ina maana pampu inaanza kazi haina kitu cha kunywa, na sili ya mbele inakwaruzwa sekunde za mwanzo kabisa za uhai wake mpya.

Kisha kuna kukalisha. Konveta inapaswa kushika mahali patatu: meno ya shafti ya tabaini, meno ya stata, na mikato ya shingo inayoingia kwenye gia ya pampu. Isukume huku ukiizungusha taratibu. Utaihisi ikizama hatua kwa hatua, kila hatua na mdundo wake mdogo, “tuk”. Mdundo wa mwisho, ule wa pampu, ndio wanaousahau. Weka rula iliyonyooka juu ya mdomo wa kengele ya giaboksi (lile ganda la mbele linalokutana na injini), pima kina mpaka kwenye vikalio vya bolti za konveta, na ulinganishe na namba iliyo kwenye kitabu cha gari hilo. Bila kitabu bado kuna kipimo cha uungwana: kengele ikishakutana na injini, konveta iwe bado inazunguka kwa mkono, na kuwe na nafasi ya milimita kadhaa ya kuivuta mbele ikutane na fleksipleti. Kama kengele haikutani na injini kwa kusukuma tu, simama. Anayetumia bolti kuzivuta zikutane anaivunja gia ya pampu, na gari litawaka likiwa halina gia hata moja.

Bolti za konveta kwenye Toyota hizi ni sita, na mara nyingi moja ina rangi tofauti na wenzake. Hiyo si pambo. Ndiyo ya kuikalisha konveta katikati. Inaingia ya kwanza, nyingine zinafuata, zote kwanza kwa mkono, halafu kwa spana ya kupimia nguvu. Ukizikaza moja moja mpaka mwisho, konveta inakaa upande, na utakuja kuisikia kama mtetemo usio na jina.

Ukiwa na kipimo cha saa (kile cha mshale kinachopima kuyumba), angalia mambo mawili. Fleksipleti isiyumbe zaidi ya milimita 0.20, na shingo ya konveta ikiwa imefungwa kwenye fleksipleti isiyumbe zaidi ya milimita 0.30. Shingo ikiyumba, sili ya mbele haina maisha hata iwe mpya ya boksi. Matone mekundu yakianza kudondoka chini ya kengele wiki ya pili, chanzo ni hicho, au bushi ya pampu iliyokwisha. Matone meusi ni sili ya nyuma ya injini, kesi nyingine kabisa.

Oili

Giaboksi iliyofunguliwa yote inakunywa karibu lita 10 pamoja na konveta. Nunua 12. Aina imeandikwa kwenye kijiti chenyewe cha kupimia. Soma pale, usisikilize muuza duka. Oili isiyo yake inaweza kubadilisha gia bila tatizo halafu ikaitetemesha klachi ya loki, na hapo lawama inarudi kwa konveta.

Mimina lita 4 au 5 injini ikiwa imezimwa. Washa, acha iungurume yenyewe, ongeza lita nyingine 2 mara moja, maana konveta inaimeza oili upesi. Kanyaga breki, pitisha lever P, R, N, D, 2, L na kurudi P, ukikaa sekunde chache kila mahali. Ongeza kidogo kidogo mpaka alama ya baridi. Kipimo cha kweli kinakuja baadaye, oili ikiwa na nyuzi 70 hadi 80, yaani baada ya mwendo wa dakika 20 hivi: gari kwenye sehemu tambarare, injini inaunguruma, lever iko P, na oili iko kati ya alama mbili za moto.

Oili ikipungua, pampu inavuta hewa. Ikizidi, inafikia sehemu zinazozunguka, inapigwa mpaka inatoa povu, na pampu inavuta hewa vilevile. Ndiyo maana dalili zinafanana: gia inachelewa kushika, gari linateleza kwenye kona, konveta inaonekana laini. Chomoa kijiti ukitazame kwenye mwanga. Vipovu vidogo vilivyong'ang'ania chuma vinakwambia hewa imeingia. Rangi ya maziwa yenye waridi ni jambo zito zaidi: maji ya rejeta yamepenya kwenye kipoza oili kilicho ndani ya rejeta. Hapo usiongeze chochote. Rejeta inabadilishwa, na klachi za karatasi zilizolowa maji nazo zinabadilishwa, kwa sababu gundi inayozishika inaachia.

Kutoka N kwenda D

Oili ikishapata joto, vuta hendibreki, kanyaga breki, na ushike saa. Toka N ingia D, hesabu mpaka uhisi ule msukumo mdogo wa gia kushika. Toyota inataka usizidi sekunde 1.2. Kutoka N kwenda R usizidi 1.5. Rudia mara tatu, ukipumzika dakika moja kati ya jaribio na jaribio, kisha chukua wastani. Ovahoo nzuri haigongi: unahisi gari likijikaza mgongoni, basi. Ikigonga kama mlango, tafuta presha iliyo juu mno kabla ya kutafuta konveta.

Presha kwenye giaboksi hizi inasikiliza ule waya unaotoka kwenye mkono wa eksileta. Mtu akikanyaga mafuta mpaka chini, kituo kidogo kilichobanwa kwenye waya kinapaswa kuwa milimita 0 hadi 1 kutoka mdomo wa mpira wa waya. Umelegea: gia zinabadilika mapema na kwa mtelezo, na klachi mpya zinaungua kimyakimya. Umekazwa: gia zinachelewa na kugonga. Ni dakika tano za kazi. Fundi aliyeunga waya huo haraka haraka jioni ya mwisho anaweza kuua ovahoo nzima kwa kukosa kuutazama.

Kuna ucheleweshaji mwingine unaotokea asubuhi tu. Gari limelala, unawasha, unaingiza D, linasimama sekunde mbili tatu ndipo linashika. Baada ya hapo siku nzima halina neno. Hiyo ni oili ya konveta iliyoshuka usiku kucha ikarudi kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya giaboksi. Jaribu hivi: kesho yake washa, kaa N sekunde 15, halafu ingiza D. Ikishika bila kuchelewa, umeipata. Chanzo kiko kwenye bushi au sili za pampu na valvu zake, na gari bado linatembea, ila usianze safari kwa pupa.

Kuondoka, na jaribio la stoli

Kwanza hisi tu. Barabara tambarare, ondoka kwa kukanyaga nusu. Mshale wa mizunguko unapaswa kupanda, kutulia kidogo huku gari likivuta, kisha gari liufuate. Konveta nzima haina haraka ya kuruka wala haikufanyi usubiri.

Ukitaka namba, fanya stoli, yaani pima mizunguko injini inayofikia gari likiwa limezuiwa lisitembee. Oili iwe kati ya nyuzi 50 na 80. Zuia magurudumu yote manne kwa magogo au mawe, vuta hendibreki, mguu wa kushoto ukanyage breki kwa nguvu zote, na mbele ya gari asisimame mtu. Ingiza D, kanyaga mafuta mpaka chini, soma mshale, achia. Sekunde 5 ndizo mwisho. Zaidi ya hapo oili ndani ya konveta inachemka, maana nguvu yote ya injini inageuka joto. Acha injini iungurume N dakika moja au mbili, kisha rudia kwa R. Linganisha na namba ya kitabu cha gari lako. Dizeli za aina hii husimama mahali fulani juu kidogo ya 2,000.

Soma majibu hivi. D na R zote ziko chini ya kitabu kwa kiwango kilekile: injini haina nguvu, au klachi ya stata inateleza. Zikiwa chini kwa zaidi ya mizunguko 600, shuku konveta yenyewe. Lakini dizeli ya zamani yenye bomba la tabo lililopasuka, au chujio la dizeli lililoziba, nayo inashusha stoli, kwa hiyo usianzie kwenye konveta. D na R zote ziko juu: presha ya oili ni ndogo au oili imepungua. D peke yake iko juu: klachi ya kwenda mbele ndiyo inateleza. R peke yake: klachi ya gia ya tatu na ya kurudi nyuma, au breki ya gia ya kwanza na ya kurudi nyuma. Majibu haya matatu ya mwisho yanarudi kwa fundi aliyefunga, wala si kwa konveta.

Stata ina magonjwa mawili, na ni rahisi kuyabadilisha majina. Klachi yake ikiteleza pande zote, stata haiigeuzi oili, nguvu ya kuondokea haizidishwi: gari ni zito kama limefungwa kamba mpaka kilomita 40 au 50 kwa saa, halafu linaamka na kutembea kama zima. Klachi hiyo ikikwama isizunguke upande wowote, mambo yanageuka. Gari linaondoka vizuri kabisa, hata unaisifu ovahoo, lakini kwenye barabara kuu halina pumzi na oili inachemka, kwa sababu stata imesimama njiani badala ya kuzunguka na wenzake. Konveta ikiwa mezani unaweza kuigundua: ingiza vidole au koleo la klipu kwenye mdomo wake, shika meno ya stata. Ielekee saa, izunguke kwa urahisi. Kinyume cha saa, ikaze. Ikifanya vinginevyo, usiifunge.

Loki

Hapa ndipo dereva wengi wanapopotea, kwa sababu loki inahisika kama gia ya tano wakati gari lina nne. Injini ikiwa na joto, O/D (ovadraivu, swichi inayoruhusu gia ya nne) ikiwa imewashwa, tembea kilomita 80 kwa saa kwenye tambarare, mguu ukiwa mwepesi na umetulia. Gia ya nne imeingia. Baada ya kitambo mshale unashuka tena mizunguko mia mbili hadi mia nne, bila kishindo. Hiyo ndiyo loki.

Kuithibitisha: usibadilishe mguu wa mafuta, na kwa mguu wa kushoto iguse breki kidogo sana, taa za nyuma ziwake tu. Kompyuta ikiona taa za breki inaiachia loki papo hapo, na mshale unaruka juu. Ondoa mguu, subiri, unashuka tena. Gari linalofanya hivyo lina loki nzima, solenoidi yake (valvu ya umeme) inafanya kazi, na klachi yake inashika. Jaribio hili moja linafaa kuliko nusu saa ya kubishana gereji.

Mshale usiposhuka kabisa, fuata njia rahisi kwanza. Mwambie mtu asimame nyuma ya gari: taa za breki zinawaka bila kukanyagwa? Swichi imeganda, na kompyuta inadhani unafunga breki kutwa nzima. Kisha joto la maji. Loki hairuhusiwi injini ikiwa baridi, na 1KZ-TE iliyotolewa thermostati kwa hofu ya kuchemsha inaweza kutembea safari nzima chini ya joto linalohitajika, hasa nyanda za juu asubuhi. Mwenye gari analipia dizeli ya ziada kila siku akidhani konveta imekufa. Rudisha thermostati.

Halafu umeme. Solenoidi za giaboksi hizi, ikiwemo ya loki, zinapimwa oma 11 hadi 15 zikiwa baridi. Soketi ya waya pembeni ya giaboksi huachwa haijabana vizuri siku ya kufunga. Ukiunga pini za TE1 na E1 kwenye kisanduku cha kusomea hitilafu na kufungua swichi bila kuwasha injini, taa ya O/D OFF itawaka na kuzima kwa kuhesabu namba: 42 na 61 ni sensa za mwendo, 62 na 63 ni solenoidi za kubadilisha gia, 64 ni ya loki. Soma hata kama taa hiyo haikuwahi kuwaka na kuzima barabarani.

Kinyume chake ni loki isiyoachia. Unasimama kwenye taa na injini inazima, kama gari la gia za mkono ambalo hukukanyaga klachi. Rudia ukiweka N kabla ya kusimama: isipozima, valvu ya loki imekwama, mara nyingi kwa uchafu uliobaki kwenye valvu bodi, kile kisanduku cha valvu kilicho juu ya sampo. Sampo inashuka, giaboksi inabaki juu.

Rasta pasipo na rasta

Mtetemo wa loki una sura yake. Uko kati ya kilomita 60 na 90 kwa saa, mguu mwepesi au unapoanza kupanda mwinuko mdogo, na unahisi kama unapita juu ya rasta za barabarani kwa sekunde moja au mbili, kisha kimya. Klachi ya loki inashika na kuachia, inashika na kuachia. Gusa breki kama tulivyosema. Mtetemo ukikatika hapo hapo, ni loki. Ukiendelea, angalia nozeli za injini, kroosi za propela shafti, na tairi.

Wiki ya kwanza, mtetemo mdogo unaweza kuwa karatasi mpya ya klachi ambayo haijakaa. Upe kilomita mia tatu hadi mia tano. Ukipungua kila siku, uache. Ukiongezeka, badilisha oili kwanza, na uhakikishe ni ile iliyoandikwa kwenye kijiti. Ukibaki hata baada ya hapo, klachi ya loki imeungua au imepakwa uchafu, na konveta lazima itoke. Dawa za chupa zinazouzwa kwa ajili ya mtetemo zinaficha tu, huku unga wa klachi ukizunguka kwenye giaboksi mpya.

Sauti

Dizeli ina kelele zake, na zinaficha mengi. Mlio mwembamba unaopanda na mizunguko, hata kwenye P, ni pampu inayonyonya kwa shida: chujio limeziba au gasketi yake inavuta hewa. Mlio unaotokea ukiwa D umekanyaga breki, na kupotea ukiweka N, ni beringi za ndani ya konveta. Ukiwa D gari limesimama, impela inazunguka na tabaini imesimama, ndipo beringi zinapofanya kazi. Na “tak tak” ya chini chini inayopotea ukiongeza mafuta ni bolti za konveta zilizolegea au fleksipleti yenye ufa. Huyu wa mwisho amewahi kusababisha injini nzima zifunguliwe kutafuta beringi za konrodi. Fungua kwanza kile kifuniko kidogo chini ya kengele, uzungushe injini kwa mkono, ujaribu bolti moja moja.

Mtetemo uliopo hata gari likiwa limepaki, unaokua na mizunguko, ni uzani wa konveta. Fungua bolti zake, izungushe hatua moja kwenye fleksipleti, funga, jaribu.

Joto

Oili ya konveta inapoa kwenye rejeta ileile ya injini, na kichwa cha 1KZ-TE kina sifa mbaya ya kupasuka kikichemka. Konveta inayoteleza muda wote inaichemsha injini, na fundi wa injini hatajua kwa nini. Kabla ya gari kutoka gereji, chomoa bomba linalorudisha oili kwenye giaboksi, lielekeze kwenye dumu, washa injini bila kukanyaga: takriban lita moja itoke ndani ya sekunde 20 hadi 30, kisha zima na ujazie. Ikichuruzika tu, kipoza kimejaa unga wa klachi za zamani, na kupuliza kwa kompresa peke yake mara nyingi hakutoshi.

Kwenye mpando mrefu na mzigo, kama Kitonga au ule wa kutoka Mai Mahiu, zima O/D, na mwinuko ukikaza shuka 2. Mizunguko ikiwa juu kidogo mtelezo unapungua, na pampu ya maji inapeleka zaidi. Kusukuma gia ya nne isiyo na loki kilomita kumi za mlima ndiko kunakoiwasha taa ya joto la oili.

Konveta ya mtumba, au ile ya zamani kurudishwa

Kama klachi za giaboksi ziliungua, konveta ya zamani imejaa unga wake. Kuisuuza na petroli hakuufikii unga uliojificha nyuma ya klachi ya loki; konveta inakatwa kwenye mashine ya torno, inasafishwa, inabadilishwa karatasi na beringi, inachomelewa na kupimwa uzani. Wanaofanya kazi hiyo kwa uhakika ni wachache, ndiyo maana watu hukimbilia mtumba. Hapo angalia imetoka injini gani. Konveta za petroli za ukoo uleule zinaweza kufanana kwa macho, lakini ile iliyotengenezwa kwa injini yenye nguvu ndogo ya chini inakuwa laini mno ikifungwa nyuma ya dizeli: injini inaresi, gari linasita, oili inachemka. Kagua shingo kwa ukucha. Mkwaruzo unaokwama kwenye ukucha utakula sili. Igeuze juu chini, acha oili itoke kwenye kitambaa cheupe. Vumbi la fedha likionekana, irudishe kwa muuzaji.

Kilomita 1,000 za kwanza

Usivute trela, usiondoke kwa kukanyaga mpaka chini. Kagua oili ikiwa moto siku ya kwanza, ya tatu, na baada ya wiki. Ikifika 1,000, mwaga na ushushe sampo. Kwa kumwaga hivyo hutoka lita mbili hadi tatu tu, iliyobaki iko ndani ya konveta na sehemu nyingine za giaboksi. Sumaku zilizomo zitakuwa na matope laini ya kijivu, yanayofutika kwa kidole bila kuchoma. Hayo ni karatasi na chuma vinavyozoeana. Vipande vinavyong'aa kama njano ya shaba ni bushi. Vijiti vya chuma unavyoweza kuvihesabu havikutoka kwenye klachi: ni beringi, na hapo ndipo giaboksi inaposhushwa kwa haki.